Taya la Marehemu Zhelyo

Kila asubuhi, kabla gari la mkate halijafika Gorni Drenak, Bibi Yonka alikaanga chumvi. Aliikaanga kwenye kikaango kikavu, chumvi ya mawe, akaigeuzageuza kwa mwiko mpaka ikaanza kualika, kisha akaimimina ndani ya soksi za sufu, akazifunga vifundo, akazitia kapuni na kuzipeleka dukani kwa Veska. Mbele ya duka palikuwa na benchi refu la mbao, na kwenye benchi wazee wa kijiji walikwisha kujipanga, kila mmoja kashika shavu kama mtu aliyeko kwenye simu. Yonka akagawa soksi. Wakazibandika mbele ya sikio, pale taya linapojishika kwenye fuvu, wakafumba macho, wakaguna kwa raha.

"Leo langu limeamka limefungwa," alisema Marga, jirani yake wa ukuta kwa ukuta. "Nimejaribu kupiga mwayo, likagoma katikati. Nimepiga nusu mwayo, Yonka. Ulishasikia wapi mtu akapiga nusu?"

"Iliyobaki utaimalizia kesho."

"Cheka tu. Wewe meno yako yanaogelea dirishani, yetu yako kazini."

Na kweli. Gorni Drenak nzima ilikuwa na meno ya bandia ya aina moja, isipokuwa Veska, aliyekuwa bado kijana wa miaka hamsini, na Padri Evtim, aliyekuwa na meno yake mwenyewe kwa sababu alikuwa mgeni. Yonka alikuwa nayo pia, ila aliyaweka kwenye glasi ya maji dirishani, akayafunika kwa kisahani, na kula mkate uliolowekwa kwenye maziwa ya moto.

Meno hayo yalikuja hivi. Vuli moja ilitangazwa kwamba gari la meno litapita vijijini kupima vinywa vya wazee bure, na Gorni Drenak ilipewa siku moja. Siku yenyewe ikaangukia katikati ya msimu wa kupika rakia, pombe kali ya plamu. Sasa, mtambo wa shaba wa kijiji ni mmoja, zamu zinapangwa tangu plamu ziko mtini, na mtu akiiacha zamu yake, mapipa yake yanageuka siki na jina lake linageuka mzaha. Wakaitana, wakajadiliana kando ya mtambo, vikombe mkononi. Mmoja akakumbusha kwamba enzi za ushirika walihitaji mabuti ya mpira, wakamtuma mtu mmoja akapimwe mguu, kikaja kijiji kizima cha mabuti ya namba ile ile, na baridi ile hakuna aliyekanyaga theluji pekupeku. Kinywa nacho ni kiungo kama mguu. Basi wakamtuma Zhelyo, mume wa Yonka, kwa sababu zamu yake ya mtambo ilikuwa imepita jana yake, na kwa sababu alipenda kukaa kwenye viti vinavyolala.

Fundi wa meno alimtazama Zhelyo peke yake mlangoni pa gari. "Na wengine?"

"Wengine ndio mimi," Zhelyo akasema.

Fundi alikuwa na vijiji vitatu vingine siku ile ile. Akamtia Zhelyo nta kinywani, akamwambia auume, akaandika majina ishirini na tano.

Kitu ambacho fundi hakukiuliza ni nyumbu. Zhelyo alipokuwa jeshini alipigwa teke la taya na nyumbu wa kubebea mizigo ya kikosi, na tangu siku hiyo taya lake la chini lilikaa kushoto kidogo, kama droo iliyofungwa vibaya. Kila alipofungua kinywa liligonga, tak, karibu na sikio. Kwa Zhelyo hilo halikuwa tatizo. Lilikuwa taya lake, walishazoeana.

Kasha la meno lilifika kwa posta siku Zhelyo mwenyewe alipokuwa amelazwa sebuleni, mikono kifuani, mishumaa pembeni. Alikuwa amekufa jana yake chini ya mplamu, baada ya chakula cha mchana, bila kumsumbua mtu. Waombolezaji wote walikuwapo, kasha likafunguliwa jikoni, kila mtu akachukua yake, akasuuza, akavaa. Wakarudi kukaa kuzunguka jeneza, wakilamba midomo. Mataya yao yakatelezea kushoto kwa pamoja. Yakagonga, tak.

"Nani," akasema Marga.

"Kawafungia," akasema aliyekaa kando yake.

"Bata?" akamalizia wa tatu.

Yonka akainuka akatoka kwenda kuwafungia bata. Zhelyo alikuwa amemuuliza swali hilo kila jioni kwa miaka arobaini na minane, hivyo hakuwa na haja ya kuuliza anayeuliza ni nani.

Tangu hapo ndivyo ilivyokuwa. Zhelyo alizungumza kupitia benchi, neno moja kwa kila kinywa, kuanzia upande wa mtambo kuelekea upande wa kanisa, na Yonka akitembea taratibu mbele yao kama mtu anayesoma bango refu. Alisema kwamba mvua itanyesha alasiri. Alisema kwamba Veska anauza jibini lenye maji. Alisimulia kisa cha yule nyumbu, ambacho wote walishakisikia, na safari hii wakalazimika kukisema wenyewe. Kila mara palikosekana neno moja. Lilikuwa fungu la kinywa cha Yonka, na kinywa cha Yonka kilikuwa dirishani. Neno lilitoka ndani ya glasi, jikoni, bila ulimi wa kulitamka, maji yakatoa povu kidogo, basi.

"Yavae, dada," Marga alimsihi mara nyingi. "Sisi tumekuwa tarumbeta za mumeo. Saidia kazi."

"Miaka arobaini na minane kinywa chake kilikuwa masikioni mwangu. Sasa nikitie na mdomoni? Nitagombana na nani?"

Kuzungumza hakukumkera mtu. Kilichowakera ni maumivu. Mataya ishirini na matatu yaliyozaliwa yakiuma katikati yalikuwa yanalazimishwa kuuma kushoto. Misuli ya mashavu ikakaza kama kamba ya kuanikia nguo. Panja ziligonga alfajiri, masikio yakavuma, kinywa kikafunguka upana wa vidole viwili tu na si zaidi. Walioishi kwa kubangua mbegu za alizeti benchini waliziangalia mifukoni mwao kama picha za vijana wao walioko ughaibuni. Yonka alipiga simu mjini, kwenye ofisi ya meno, mara kadhaa. Walimjibu kwa adabu kwamba kwenye kompyuta Gorni Drenak inaonekana imekwisha kuhudumiwa, vinywa ishirini na tano, na kwamba hakuna malalamiko.

"Mimi ndiye ninayelalamika," Yonka akasema.

"Wewe, mama, inaonekana huyatumii," akajibiwa.

Hivyo akaendelea na chumvi yake.

Katika mambo hayo ndipo Stamat alipoingia. Stamat alikuwa mfuga nyuki, mjane, mrefu, mwenye haya, mtu wa kubisha hodi hata kwenye mzinga. Tangu baridi ilipoisha alikuwa akimletea Yonka asali, kwa kuwa haitafunwi. Aliiweka mezani, akakaa ukingoni mwa kiti, akakunja kofia.

"Bi Yonka," alisema mara ya kwanza, "nimekuwa nikitaka kukuuliza kama u..."

Taya likagonga.

"...mewafungia bata?"

"Nimewafungia," Yonka akajibu.

Kinywa kikiwa kimoja, Zhelyo alikitwisha maneno yote. Stamat akaona aibu, akaaga. Mara ya pili alifika mpaka "mimi na wewe," taya likagonga, akajikuta anamlaumu kwa kuweka vitunguu vingi kwenye maharage. Mara ya tatu alifika amevaa shati la kanisani. Akasimama katikati ya jiko, akatoa leso, akageukia ukuta, akavua meno kama mtu avuavyo kofia mbele ya jeneza, akayafunga kwenye leso na kuyatia mfukoni. Alipogeuka, uso wake ulikuwa umekunjika kama mfuko mtupu, na sauti yake ikatoka laini, yenye upepo mwingi.

"Bi Yonka. Nyumba yangu ina jua asubuhi, yako ina jua jioni. Nafikiri tungeweza kuwa na jua siku nzima."

Maneno yote yalikuwa yake. Yonka aliyaelewa yote, hata yale yaliyopotelea kwenye fizi. Akahisi shingo inapata joto, jambo lililomshangaza kuliko marehemu anayeongea kupitia benchi.

"Nitamuuliza Zhelyo," akasema.

Hakusema hivyo kwa kumkwepa. Alimtaka Stamat. Alitaka kuamka na mtu wa kumwambia kwamba chai imeiva. Lakini alimjua mumewe. Zhelyo akikataa, hatanyamaza; atamsimanga kutoka kila mdomo wa kijiji, kuanzia mtambo mpaka kanisa, mpaka siku ya kufa kwake, na kwenye mto wake mwenyewe atamsimanga kutoka mdomo wa bwana harusi. Maisha hayo hayafai hata kwa binti wa miaka ishirini, sembuse yeye.

"Wenzako huolewa tena wamsahau wa kwanza," Marga alimwambia ukutani. "Wewe unataka kuolewa na yule yule, ila mrefu."

"Nyamaza, Marga."

"Sinyamazi. Nikinyamaza ataanza kuongea yeye."

Jumamosi ya marehemu, siku ya kanisa ya kuwakumbuka wafu, ilipofika, wenzake walipanda makaburini na divai na ngano ya kuchemsha. Yonka hakupanda, kwa sababu kaburini Zhelyo hakuwahi kutoa hata kikohozi. Aliwangoja warudi, akawapa kila mmoja benchini kijiko cha ngano laini yenye sukari, akamwaga divai kidogo chini, mbele ya viatu vyao. Stamat alikuwa amekaa katikati, amekauka kama mti.

"Zhelyo," Yonka akasema, "Stamat ananiposa. Nakuuliza mbele ya watu. Sema."

Mataya yakatelezea kushoto. Tak, tak, tak, benchi zima.

"Kuhusu," akasema mzee wa mwisho upande wa mtambo.

"Huyo," akafuata jirani yake.

"Stamat," akasema Stamat, na masikio yakamwiva.

"Mimi," akasema Marga.

Kisha kimya. Panzi akaruka kwenye majani.

"Kabisa," akasema bibi wa upande wa kanisa, na Zhelyo akawa amemaliza.

Wakatazamana. Mimi, kisha shimo, kisha kabisa.

"Namkubali," Stamat akajaribu, kwa sauti ndogo.

"Namkataa," akasema mzee wa upande wa mtambo. "Mnasahau alivyomkatalia mkwewe hata baiskeli."

"Simjui kabisa," akasema mwingine. "Zhelyo alikuwa na tabia ya kujifanya hawajui watu."

"Neno liko kwenye glasi," Marga akasema. "Nenda kalilete, Yonka. Au kaa hapo mpaka uoze, na mtu wa watu naye aoze."

Yonka akaenda. Jikoni maji yalikuwa bado na povu juu. Akatoa meno, akayapangusa kwa aproni, akayatazama. Halafu akayatia kinywani, akauma.

Taya lake likasogea kushoto. Uchungu ukampanda mbele ya sikio mpaka kwenye panja, mwembamba, kama uzi unaovutwa kwenye sindano. Akajikuta amegeuza uso upande huo huo, kwa sababu uso ukiwa umegeuka kidogo, uchungu ulipungua. Akamega kipande cha mkate mkavu, akatafuna. Huwezi kutafuna na taya lile ukiwa umetazama kulia. Haiwezekani. Lazima utazame kushoto, dirishani.

Yonka akakaa chini. Kwa miaka arobaini na minane yeye alikaa mezani kulia kwa Zhelyo, na kwa miaka arobaini na minane Zhelyo alikula ametazama dirisha. Yonka alidhani hapendi kumwona akitafuna. Aliwahi kulilia jambo hilo, siri, ghalani, mwaka wa kwanza wa ndoa, na baadaye akaacha kulia, akaanza kutia vitunguu vingi kwenye maharage. Na kumbe lilikuwa taya. Lilikuwa nyumbu.

"Si ungesema, wewe mtu," akasema jikoni, akiwa na kinywa kilichojaa. Hakujibiwa. Alikuwa peke yake, na Zhelyo hakuzoea kujisemesha.

Akaumaliza mkate wote, akala na mwingine kwa sababu alikuwa hajatafuna kitu kwa muda mrefu, kisha akarudi dukani ameshika shavu. Wakamsogezea nafasi kando ya Marga. Veska akatoka nje kusikiliza, hesabu ya sabuni ikamngoja ndani.

"Rudia," Yonka akamwambia marehemu.

"Kuhusu."

"Huyo."

"Stamat."

"Mimi."

Yonka akahisi taya linafunguka lenyewe, tak, na ulimi wake ukabeba kitu kisicho chake, kizito, chenye harufu ya tumbaku na plamu.

"Namhurumia," akasema.

"Kabisa," akamalizia yule bibi.

Benchi likapasuka kwa kicheko. Walicheka mpaka mbao zikalia. Stamat alicheka kwa zamu na machozi. Mzee wa upande wa mtambo alicheka taya likakwama likiwa wazi, Veska akalirudisha kwa viganja viwili kama mtu anayefunga sanduku lililojaa, na mzee akaendelea pale alipoachia. Maana wote walimfahamu Zhelyo. Mtu ambaye Zhelyo alimkataa, hakumhurumia. Aliyemhurumia alikuwa amekwisha kumkaribisha.

Harusi ikafanyika kanisani, mchana kweupe. Padri Evtim alipofika mahali pa kuwauliza kama wanakuja kwa hiari yao, bwana na bibi harusi walitazamana, wakageukiana mgongo, wakavua meno, wakayaweka kwenye sahani ya pete. Padri akaishika sahani, meno huku, pete huku, akangoja.

"Ndiyo," akasema Stamat kwa fizi.

"Ndiyo," akasema Yonka kwa fizi, na watu wa nyuma hawakusikia ikabidi arudie.

Kisha wakayavaa tena, kwa ajili ya keki.

Mpiga ngoma aliyeitwa kutoka kijiji cha pili hakutokea, gari lake lilikuwa limekufa njiani. Mpuliza zumari la kiriba alitaka kukata tamaa. Marga akamwambia aanze tu. Akaanza, na mataya yakamwitikia kutoka kila meza, tak-tak-taak, fupi, fupi, ndefu, ule mdundo wa kuchechemea ambao mtoto wa huko anauchezea tumboni. Mzee mmoja akikosea, jirani yake alimkanyaga mguu. Walicheza mpaka magoti yakaomba radhi. Kisha ukaletwa mkate mkubwa wa harusi, maarusi wakaushika huku na huku juu ya vichwa vyao wauvute, maana atakayepata pande kubwa ndiye atakayetawala nyumba. Yonka alipata karibu wote. Stamat alibaki na kitu cha kulishia bata.

"Namhurumia," likasema neno kutoka meza hadi meza, na hakuna aliyejua kama ni Zhelyo au ni wao.

Jumatatu yake benchi lilikuwa mahali pake, soksi za chumvi mashavuni, maarusi wamekaa upande wa kanisa, bega kwa bega. Veska akatoka dukani na simu mkononi, akaiweka sauti kubwa. Aliyepiga alikuwa kijana wa ofisi ya meno ya mjini, mwenye sauti safi, isiyo na deni na mtu. Alisema wanakagua kumbukumbu. Alisema inaonekana mteja mmoja wa Gorni Drenak, jina la kwanza Zhelyo, alifariki kabla ya kuanza kutumia meno yake. Seti hiyo haijatumika. Ni mali ya umma. Inatakiwa irudi.

Veska akamtazama Yonka. Yonka akavuta pumzi aeleze. Alitaka kusema kwamba seti ile walimvisha Zhelyo mwenyewe, jenezani, kabla ya kufunika, na kwamba ilimkaa vizuri kuliko mtu yeyote pale sebuleni, mpaka Padri Evtim akasema hajawahi kuona maiti aliyetulia hivyo. Na alitaka kusema, kwa kuwa sasa alikuwa mtumiaji, kwamba mataya yanawaua, kwamba waje, waje na nta na muda wa kutosha, wampime kila mtu kinywa chake. Lakini taya lilikuwa limekwisha kwenda kushoto.

"Njoo," akasema mzee wa upande wa mtambo.

"Uichukue," akafuata jirani yake.

"Mwenyewe."

"Mwanangu," akasema Marga, kwa upole mwingi.

"Ulete," akasema Stamat.

"Jembe," akasema Yonka.



"Samahani, ni nani anayeongea hapo?"

"Mume wangu," Yonka akasema. Stamat akakohoa. "Yule mwingine," akaongeza.

Kijana akasema, bila ubaya wowote, kwamba basi ataandika kuwa kijiji kimekataa kutoa ushirikiano na hakihitaji huduma zaidi. Wakamsikia akibofya, herufi moja moja, mpaka mwisho, akawatakia siku njema, akakata. Veska akaitia simu kwenye aproni. Benchi lilikuwa limeanza kucheka, kutoka mtambo kuelekea kanisa, na kucheka kuliwauma sana, mbele ya sikio, wote mahali pale pale, nao wakaendelea kucheka.